Vanishi Juu ya Oili Chafu

Ninyi vijana mnaokuja kwangu Jumamosi na simu mkononi, mkinionyesha video ya mtu anayetengeneza kitanda kwa mbao za kreti katika dakika nne, kaeni kwanza. Nimestaafu, sina haraka. Huyo wa kwenye video ana mbao ambazo hazijawahi kukutana na mchwa wa Isiolo. Ana kivuli, ana mvua, na zaidi ya yote ana mtu nyuma ya kamera anayekata ile sehemu alipojigonga kidole.

Mimi naitwa Talaso, ingawa hapa mjini wengi wananijua kama Mama Misumari. Nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la Haji Salat, lile la vifaa vya ujenzi, miaka thelathini na mmoja. Niliingia nikiwa msichana wa kufagia, nikatoka nikiwa na miwani na goti moja bovu. Katika miaka hiyo sikujenga nyumba hata moja. Lakini niliuza vitu vilivyojenga nyumba nyingi, na pia vitu vilivyoangusha kadhaa, na kuna mambo huyajui mpaka umesikiliza malalamiko ya watu kwa miaka mingi.

Siku za kazi waliokuja ni mafundi. Fundi hana maneno. Anataja kitu, anataja idadi, anaondoka. Jumamosi waliingia watu wengine kabisa: walimu, manesi, makarani, askari walio likizo, watu waliokaa wiki nzima ofisini wakifikiria jinsi watakavyojenga banda la kuku kwa mikono yao wenyewe. Hao niliwapenda sana. Fundi huja na kipimo kwenye karatasi, lakini mtu wa Jumamosi huja na kipimo kwenye mikono. Anatoka nyumbani ameinyoosha hivi, anasema mbao iwe ndefu kama hapa mpaka hapa, anapita mlangoni kwa ubavu ili kipimo kisivurugike. Nakumbuka mmoja, karani wa mahakama, alikuja hivyo kutoka nyumbani kwake hadi barabarani kwetu. Mlangoni akakutana na rafiki yake wa shule. Wakasalimiana kwa mkono. Aliniangalia kwa huzuni, akageuka, akarudi nyumbani kupima upya.

Tena wengi wao hawakutaka kuulizwa na mwanamke. Waliuliza mwenye duka yuko wapi. Nikisema hayupo, walienda kumnong'oneza mpakiaji wetu. Mpakiaji anakuja kwangu hatua mbili, ananiuliza, namjibu, anarudi hatua mbili na jibu langu. Mteja anaitikia kwa kichwa kwa heshima na kusema huyu kijana anajua kazi.

Haji Salat mwenyewe alikuwa mtu mtaratibu, ndevu zake zimepakwa hina, na alinifundisha jambo moja tu la maana. Wiki yangu ya pili, mtu kutoka Merti, safari ya siku nzima, aliniomba misumari ya inchi nne, nikampimia misumari ya inchi nne. Baada ya siku kumi alirudi na ile misumari yote, amepanda lori la ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope. Kumbe alikuwa anatengeneza mkokoteni wa punda kwa mbao nyembamba, na kila msumari alioupiga ulipasua mbao kutoka mwanzo hadi mwisho. Haji alimbadilishia, akampa chai, kisha akaniambia pembeni, bila hasira, kwamba siku nyingine nimuulize mtu anaenda kufanya nini na kitu kabla sijakipima, kwa sababu wa Merti hawezi kurudi kesho. Pia alinionyesha namna ya kuugonga msumari kwenye ncha kidogo uwe butu kabla ya kuupiga kwenye mbao nyembamba. Msumari mkali hupasua, ule butu hula mbao na kupita. Jaribuni Jumamosi hii. Nimewapa hiyo bure.

Basi kwa miaka mingi nikawa mtu wa kuuliza. Nilijulikana kwa maswali. Na mtu akishajulikana kwa kitu, anaanza kukifanya kwa mazoea, halafu siku moja anaacha kukifanya na wala hajui kwamba ameacha. Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Ekiru.

Mwalimu Ekiru alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi, jirani yangu, Mturkana mrefu mwenye sauti ya kutuliza darasa la watoto sitini. Alikuwa amepata kiploti na kuhamia mtaani kwetu, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Leparua, na kila Jumamosi alikuwa kwenye mlango wetu kabla hatujafungua. Alichora kila kitu kwenye karatasi ya miraba, kwa rula. Alipomaliza kazi alijisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Alianza na sukuma wiki kwenye magunia. Nilimwambia kabla hajajaza udongo asimamishe mawe katikati, kutoka chini hadi juu kama nguzo, ili maji yashuke mpaka kwenye mizizi ya chini. Aliona mawe yanakula nafasi, akajaza udongo mtupu. Maji yakapita pembeni, yakamwagika, gunia likabaki kavu ndani kama unga. Akajipa tatu kwa kumi, akarudia na mawe. Sukuma ikastawi vizuri sana, akajipa tisa, na Jumatatu mbuzi wa jirani wakaila yote. Alikuja dukani kutafuta wavu wa ua, nikamuuliza sasa anajipa ngapi. Alisema sukuma bado ni tisa, lakini ua atausahihisha akiujenga.

Kisha bintiye, Akai, akapata mchumba. Akai alikuwa nesi Meru, na kijana alikuwa Mmeru, Mutwiri, mwalimu pia, mpole. Nyumba zote mbili hazikuwa na uhakika. Shangazi yake Akai aliuliza hadharani kama Mturkana yeyote amewahi kuolewa huko mlimani Meru akarudi na habari njema, na nasikia kwa akina Mutwiri kulikuwa na shangazi wa aina hiyo hiyo. Lakini watoto walipendana, na wazee wakakubaliana kukutana nyumbani kwa Mwalimu kuzungumza mahari.

Mwalimu akaamua kwamba wageni hawatakaa kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Atatengeneza benchi. Jumamosi moja kabla ya mkutano akaja na mchoro wake, benchi ya watu watatu yenye mgongo, nzuri kweli. Nikampa mbao za saipras, misumari, msasa. Asubuhi hiyo hiyo akauliza oili chafu ya kuzuia mchwa. Tulikuwa na pipa nyuma ya duka, oili iliyotolewa kwenye magari, nyeusi kama lami. Nikamjazia kibuyu mimi mwenyewe. Nilifanya vizuri, mchwa wa kule upande wa Leparua wakiona mguu wa benchi usio na oili wanaalikana.

Saa saba duka lilikuwa limejaa watu. Mwalimu akarudi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, uso unang'aa kwa furaha. Akaomba vanishi. Vijana, nataka msikilize swali nililomuuliza. Nilimuuliza: "Kopo kubwa au dogo?"

Basi. Hilo ndilo swali langu lote.

Kwa wasiojua: vanishi haikauki juu ya oili. Juu inafanya ngozi, inang'aa, ukiigusa asubuhi kukiwa na baridi unaapa imekauka. Chini ya ngozi ile imebaki kama asali. Oili inahitaji miezi kuzama kwenye mbao, na hata hapo si kuamini sana. Nililijua hilo kabla Akai hajazaliwa. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na nilitaka watu waone jinsi ninavyohudumia haraka.

Jumamosi iliyofuata nikafunga kaunta mapema, nikavaa dera langu jipya, nikaenda kama jirani. Waliokuja upande wa kijana walikuwa Mzee Kirimi, mjomba wake Mutwiri, na ndugu zake wawili, wote watatu wamevaa suti za kijivu zilizopigwa pasi. Mwalimu akawaongoza mwenyewe hadi kwenye benchi. Ilikuwa chini ya turubai, inang'aa kama meza ya waziri. Watu wakaisifu. Mwalimu akasema kwa unyenyekevu kwamba ni kazi ya nane kwa kumi, mgongo umepinda kidogo. Wazee wakakaa.

Mazungumzo yalianza vizuri. Salamu, habari za mvua, habari za barabara. Jua likapanda, kivuli cha turubai kikahama polepole, na benchi ikabaki juani. Wageni ni watu wenye adabu, hawakuomba kuhamishwa.

Chakula kilipoletwa, mzee wa kanisa akawaomba watu wasimame kwa sala. Tukasimama wote, na mimi Mwislamu nikasimama kwa heshima. Wale watatu kwenye benchi hawakusimama. Mzee wa kanisa akangoja. Mzee Kirimi akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba wao wataomba wakiwa wamekaa. Shangazi yake Akai hakufumba macho sala nzima. Alikuwa akiwatazama.

Baada ya chakula Mwalimu akawaalika waende wakaone magunia yake ya sukuma na ua mpya. Ni heshima kubwa, hakuwaonyesha watu ovyo. Mzee Kirimi akasema wanaiona vizuri kutoka hapo walipo. Kutoka hapo walipo kulikuwa na ukuta wa jiko. Kisha Mama Akai, mkewe Mwalimu, akaja kuwasalimia rasmi, akasimama mbele yao akinyoosha mkono, na wale wazee watatu wakampa mkono wakiwa wamekaa, mmoja baada ya mwingine, wakitazama chini.

Hapo upepo ulibadilika. Shangazi akasema kwa Kiturkana, halafu akarudia kwa Kiswahili ili asikike, kwamba watu hawa wamewaona wenyeji wao si watu wa kuinukiwa. Mutwiri alitoka jasho. Alimwendea mjomba wake, akamnong'oneza, na mjomba akatikisa kichwa. Akai alikuwa mlangoni ameshika sinia, hasogei mbele wala nyuma. Nikamwona anahesabu maneno ya baba yake kabla hayajatoka, kama mtoto anayesikia gari la mwalimu mkuu linaingia getini.

Mwalimu Ekiru alisimama. Alitumia ile sauti ya darasani, lakini chini.

"Wazee, kama nyumba yangu haiwafai hata kuinuka, basi tusipotezeane siku. Njia mnaijua."

Mzee Kirimi alikuwa amekunja uso, na watu wote waliuona kuwa uso wa dharau. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wengine. Nilimwona akiinua paja la kushoto kidogo sana, kama upana wa kidole, na nikasikia sauti. Ilikuwa ndogo, kama ya plasta ikibanduliwa kwenye kidonda. Akalishusha paja haraka. Nikatazama ukingo wa benchi, nikaona alama ya vidole vinne imezama kwenye vanishi.

Akilini nikarudi dukani. Nililiona pipa, nikakiona kibuyu, nikaliona kopo. Kubwa au dogo.

Nitawaambia ukweli kwa sababu mimi si mtu wa video. Nilifikiria kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Wageni wangeondoka, kwa namna yoyote ile wangeondoka, watu wangesema ni mambo ya kabila, na Jumatatu ningekuwa bado Mama Misumari, yule anayejua kila kitu. Nilifikiria hivyo kwa muda wa pumzi mbili. Kisha nikamtazama Akai na lile sinia.

Nikasimama. "Mwalimu," nikamwambia, "kabla ya vanishi ulipaka oili chafu?"

Alishangaa. "Nilipaka. Mara mbili. Kwani?"

"Na vanishi ukapaka siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Basi wageni hawajakataa kusimama. Wamegandia kwenye benchi. Na aliyekuuzia vyote viwili bila kukuuliza ni mimi."

Watu wakaitazama benchi. Mzee Kirimi akafumbua mikono yake, akasema polepole, kama mtu anayekiri mbele ya hakimu, "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Ndugu yake wa kulia akageuka kumtazama. "Hata mimi."

Ikafika zamu ya wa tatu. Aliinua tu kiganja chake kutoka kwenye benchi, na kiganja kilikuja na nyuzi ndefu za rangi ya asali.

Kumbe kila mmoja alikuwa amejaribu kuinuka wakati wa sala, akahisi suruali inamshika, akaona aibu, akaamua kukaa kimya na kumwachia Mungu. Saa mbili nzima wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na siri yake, na siri ni moja.

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi. Alicheka mpaka ikabidi ashikwe mabega, akalia machozi, na akicheka alikuwa anaomba msamaha, na akiomba msamaha alizidi kucheka. Tulileta mafuta ya kupikia, tukayamimina pembeni, nikaingiza upande butu wa kisu polepole kati ya suti na mbao. Mkono wa yule wa tatu ulisafika vizuri. Suruali hazikutoka. Mwishowe wanawake tukageuka nyuma, Mwalimu akaleta shuka zake na leso mbili za mkewe, na wazee watatu wa Meru wakazivua suruali zao, wakaziacha zimekaa kwenye benchi, magoti yamekunjwa, kana kwamba zinaendelea na mkutano.

Mahari yalizungumzwa hivyo hivyo. Nawaambia, ni vigumu kumbana mtu anayekusikiliza kwa makini akiwa amejifunga leso yenye maua ya waridi. Yaliisha kabla chai haijapoa. Mzee Kirimi, akiwa kwenye leso yake, alisimama kila aliposimama mtu, na hata pale ambapo hakuna aliyesimama. Alikwenda kuona sukuma. Aliuliza kuhusu mawe ya katikati.

Jumatatu mji mzima ulijua. Watu waliingia dukani, wakainua kopo la rangi, wakaniuliza kwa upole kama hii nayo inagandisha. Hilo lilidumu mwaka. Haji Salat hakunigombeza. Aliuliza wazee wale walirudi nyumbani wamevaa nini, nikamwambia, akanipa mgongo, mabega yakimtetemeka. Halafu akanituma kwa fundi cherehani wa jirani nikachague kitambaa cha kijivu cha suruali tatu.

Mimi nilijifunza upya kazi niliyodhani naijua. Sikilizeni basi. Ukitaka benchi ya nje, oili chafu ipake miguuni tu, pale panapogusa udongo, na uweke kila mguu juu ya jiwe la bapa. Sehemu ya kukalia usiguse na oili kamwe. Vanishi ipake nyembamba mara tatu, siku tofauti, na katikati upitishe msasa laini. Na usijaribu asubuhi. Jaribu saa saba mchana, kwa kitambaa cheupe, ukikandamize kwa ngumi huku ukihesabu hadi mia moja. Kikibaki, wewe pia utabaki.

Mwalimu alitaka kuichoma ile benchi. Aliyemzuia ni Mzee Kirimi. Alishuka kutoka Meru Jumamosi iliyofuata, bila kualikwa, amevaa suruali ya zamani na kubeba kipande cha kioo cha kukwangulia, akasema mbao ni nzuri na kosa si la mbao. Wakaanza kukwangua. Ikawa wanakwangua kila Jumamosi, wanaume wawili wazima na vipande vya kioo, wakibishana kuhusu mtaala mpya, kuhusu mbuzi, kuhusu njia bora ya kushika kioo. Kazi ya siku mbili ilichukua miezi miwili. Arusi ikapita, Akai akahamia kwake, na wao bado wanakwangua. Mama Akai aliniambia anaamini wanaiongezea vanishi kwa siri ili isiishe.

Ilipoisha, mbao nyeupe tupu, waliniita nitoe ushauri. Niliwaambia waiache hivyo hivyo, isipakwe chochote. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha wakaenda wakaipaka rangi ya kijani.

Nilipita pale Jumamosi moja mchana, jua liko utosini. Benchi ilikuwa chini ya mgunga, kijani kabisa, inang'aa. Mwalimu alikuwa amesimama upande mmoja, mikono nyuma. Mzee Kirimi amesimama upande wa pili, mikono nyuma. Chai iko chini, kwenye mchanga. Nikawauliza wamesimama tangu lini. Mwalimu akasema si muda mrefu. Mzee Kirimi akasema tangu saa nne.

Nikawatazama, nikaitazama benchi. Nikakusanya dera langu, nikakaa katikati.

Walinipa chai, nikainywa yote, taratibu, na wao wamesimama. Nilipomaliza, Mzee Kirimi akainama kidogo kama anayeongea na mgonjwa.

"Mama," akasema, "sasa inuka tuone."